Kigoda na Masharti Yake

Kuchora kwa kompyuta nilijifunza kwa kigoda cha bibi yangu. Kina kikalio cha mviringo na miguu mitatu, vyote vimechongwa katika gogo moja. Nilikipima kwa rula: upana wa kikalio sentimita 28, unene wa mguu 4, kimo 22. Nikafungua FreeCAD, programu isiyolipiwa, nikaingiza vipimo vyangu kimoja kimoja. Kila mguu niliuweka sentimita 11 kutoka katikati. Kufikia adhuhuri kigoda kilikuwa kimesimama kwenye kioo, nami nikaamini nimekielewa.

Kisha nikataka kingine kidogo, cha mtoto. Nikabadili namba moja tu, upana, kutoka 28 hadi 24. Kikalio kikanywea. Miguu ikabaki palepale, ikachomoza nje ya ukingo kwa sentimita 1. Vipimo vyangu vyote vilikuwa vya kweli, ila nilikuwa nimeacha sababu. Mguu haukukaa pale kwa ajili ya namba 11. Ulikaa pale kwa kuwa ukingo uko pale, na fundi aliuingiza ndani kidogo ili mtu apitaye asijikwae.

Siku hiyo neno "sharti" lilinifungukia. Mstari mnyofu ukichorwa tu una uhuru wa namna 4, maana kila ncha yake yaweza kwenda kando na kwenda juu. Mchoraji huupunguza uhuru huo kwa masharti: huu uwe sambamba na ule, duara hili liguse lile. Wazo hili lina umri. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT, Marekani, aliwasilisha programu aliyoiita Sketchpad. Mtu alichora kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga, akaiambia mashine mistari ipi ilingane, nayo ikailinganisha. Katika FreeCAD, masharti yakitosha, mistari hugeuka kijani.

Mstari ulio huru kabisa waweza kuwa popote, kwa hiyo hausemi lolote. Ukishafungamana na mingine ndipo unapoanza kuwa mguu, au ukingo. Maana ya kitu, naona, imo katika vile kinavyovitegemea.

Lakini kuna jambo linalonisumbua zaidi. Mstari hugeuka kijani hata ukifungwa kwa namba tupu, kama nilivyofanya mimi. Kijani cha namba na kijani cha sababu ni rangi ileile. Hutengana siku ya mabadiliko. Ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi aliyekariri na mwenzake aliyeelewa. Ndivyo ilivyo pia kwa mila tulizopokea. Tunashika kipimo cha wazee tukiacha kilichowafanya wapime, kisha maisha yanapobadilika tunashangaa kuona miguu imechomoza.

Basi nikarudi kwenye kigoda na kuuliza kila namba imetoka wapi. Kwa nini miguu mitatu? Kwa sababu sakafu ya jikoni kwa bibi ilikuwa ya udongo, yenye mabonde, na ncha tatu hutulia popote pale. Mguu wa nne ungekifanya kiyumbe. Ni hesabu ileile ya mafiga. Ukingo nao nikaupatia sababu. Nikabakiwa na kimo. Kwa nini 22? Nilikitazama kigoda kwa muda mrefu, hakikunijibu.

Nikampigia mama simu. Akaniambia fundi alikuja jikoni na kijiti. Alipima kutoka sakafuni hadi mdomo wa chungu kikiwa juu ya mafiga, akakikata kijiti katikati, akaondoka na nusu yake. Alitaka bibi aone mchuzi unavyochemka bila kuinuka.

Chungu kile kilivunjika zamani, na mafiga yaliondolewa nyumba ilipojengwa upya. Lakini kimo cha kigoda bado kinavitegemea. FreeCAD ina jedwali la vipimo, na kila kipimo waweza kukipa jina. Nikafuta 22. Kwenye mstari wa kwanza nikaandika "mdomo wa chungu", sentimita 44, kisha kimo nikakiandika kuwa nusu yake. Mistari ikawa kijani, kama ilivyokuwa tangu siku ya kwanza.