Jicho la Kukopa

Magari mengi tunayopanda hapa Kalundu yametoka Japani, usukani uko kulia. Na Kongo tunaendesha kulia. Basi dereva hukaa upande wa ukingo wa barabara, na akitaka kulipita lori lililopakia bandarini, haoni chochote ila tela lake. Inabidi amuulize abiria wa mbele: "Mama, njia iko wazi?" Mama, amepakata beseni la ndagala, hunyoosha shingo. "Ngoja kwanza... Haya, pita!" Naye hupita. Roho zetu sote zimewekwa kwa mtu asiyejulikana hata jina.

Ajabu ni kwamba dereva huyohuyo, anayemwamini mgeni kiasi hicho, hatamwachia mwenye pikipiki hata shubiri moja. Atapiga honi mpaka masikio yaume. Na mama atamshangilia!

Siku yangu ya kukalia kiti hicho nilisema "pita" huku nasoma ujumbe kwenye simu. Tuliponea chupuchupu. Dereva hakunigombeza. Alipofika Mulongwe alisimama, akamwita kijana wa nyuma, akaniambia kwa upole, "Kaka, tubadilishe viti."