Nati Iliyolegea

Nilipoacha chuo, nilipata kibarua cha kukodisha viatu vya magurudumu kwenye uwanja mmoja wa kuteleza hapa Nairobi. Mlangoni kulikuwa na kibao: UKIUMIA NI SHAURI YAKO. Jumamosi moja nilimpa mtoto wa miaka kama tisa kiatu chenye nati iliyolegea. Niliiona. Spana ilikuwa mfukoni, lakini foleni ilikuwa ndefu, nikasema nitaikaza baadaye. Akaanguka, akavunjika mkono.

Bosi akamwonyesha mamake kile kibao. Mimi nikanyamaza.

Sheria yetu, Sura ya 34, inamtaka mwenye mahali atarajie kuwa watoto si waangalifu kama watu wazima. Tena onyo pekee halimwondolei lawama, ila kama linatosha kumweka mgeni salama. Sasa kibao kinakazaje nati?

Sawa, anayeteleza anajua anaweza kuanguka. Hatari hiyo ameikubali. Lakini nati hakuikubali, maana hakuijua.

Huenda korti ingemwamuru bosi alipe. Mimi je, ningekuwa nimemalizana na yule mtoto? Sidhani. Aliyeiona nati ni mimi, na mpaka leo mamake hajui.