Adabu ya Anayepewa Njiani

Mwanangu, nimesikia mwaka huu utatembea na wenzako hadi Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Habari za viatu na malengelenge watakufundisha wao. Mimi nakuusia jambo ambalo sikuusiwa na mtu: namna ya kupokea.

Maana utapewa. Ukishavuka mpaka pale Busia, ukapita Bugiri na Iganga, ukavuka Nile pale Jinja na kuingia msitu wa Mabira, watu usiowajua watakuita kando ya lami. Huyu atakupa maji, yule viazi vitamu vya moto, mwingine atakutandikia mkeka barazani. Hawajui jina lako wala kabila lako, na wengine si wa kanisa lako. Utaona haya. Sisi tuliokuzwa tujitegemee, kutoa tunakujua, kupokea kunatushinda.

Usikatae. Usiseme "nimeshiba" na njaa inakuuma. Nilisema hivyo siku moja, nikidhani namhurumia mwenye nyumba kwa kuwa niliona sufuria yake ni moja na watoto ni wengi. Uso wake ulivyoanguka sijausahau hadi leo. Nilikuwa nimemwambia, mbele ya wanawe, kwamba alicho nacho hakifai kupewa mgeni. Kama mko wengi na chakula ni kidogo, kila mmoja achukue tonge lake na kushukuru.

Huko Busoga na Buganda mama anaweza kupiga magoti akikuandalia. Usimwinue, wala usicheke kwa kubabaika. Ndiyo heshima ya kwao. Inama wewe, pokea kwa mikono miwili, sema "webale", yaani asante. Kula bila kusimulia chakula cha kwenu kinavyopikwa. Na simu yako ikae mfukoni: jiko la mtu si mahali pa kupigia picha bila ruhusa.

Usimlipe aliyekukirimu, kwani utakuwa umemgeuza mchuuzi bila ridhaa yake. Lakini anayeuza chapati mlipe bei yake. Nimewaona mahujaji wakitaka vya bure kwa sababu wamevaa rozari shingoni, na iliniuma sana, kwa sababu watu wa aina hiyo huwafungia milango watakaopita nyuma yao.

Wa bodaboda akitaka kukubeba bure nawe miguu ingali na nguvu, mshukuru, umweleze kuwa una nadhiri. Ukiwa mgonjwa, panda.

Na kuhusu maji, kumbuka hili: miongoni mwa wale Mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964 yumo Matia Mulumba. Mwezi Mei 1886 alikatwa mikono na miguu, akaachwa afe kwenye kilima kinachoitwa leo Old Kampala. Husimuliwa kwamba siku zilipopita akiwa bado hai, wapita njia walimsikia akiomba maji; walipoona hali yake, wakakimbia kwa hofu. Ndiyo maana nikipewa kikombe cha maji katika jua la saa nane, nakinywa chote pale pale, nimesimama mbele ya aliyenipa.

Wengi wa watakaokukirimu hawatakuomba kitu. Wachache watakupa jina ulibebe katika sala. Hilo ni deni, liandike kwenye karatasi. Karibu na Iganga mama mmoja aliniosha miguu kwa maji ya chumvi, akanitajia mwanawe aliyekuwa mgonjwa. Namugongo nilikuta umati, nyimbo, vumbi na uchovu, jina likanitoka. Nililikumbuka nikiwa ndani ya basi la kurudi, tumeshapita Jinja, na nililia.

Mwaka uliofuata nilitembea tena kwa ajili ya jina lile. Nilipofika kwake nilimweleza ukweli wote kabla ya kuketi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na beseni, akaniambia nivue viatu.