Jina la Baba Katika Orodha ya Meli

Tarehe 16 Novemba 1860, meli ya Truro kutoka Madras ilitia nanga Durban ikiwa na Wahindi 342 walioajiriwa kwa mkataba kwenda kulima miwa katika koloni la Natal. Hadi usafirishaji huo ulipokoma mwaka 1911, watu 152,184 walikuwa wamepita njia hiyo. Orodha za meli zao zingalipo, na wajukuu, vitukuu na vilembwe wao wanazipekua wakitafuta walikotoka.

Kila abiria ana mstari wake: namba ya koloni, jina, jina la baba, umri, tabaka, kijiji, wilaya, kimo. Kisha alama za mwilini: kovu la shavuni, chale ya mkononi. Karani hakuziandika kwa mapenzi. Kibarua aliyetoroka shambani ilibidi atambulike.

Je, inafaa kumtafuta mhenga katika daftari lililoandikwa ili abanwe?

Kwa familia za Kihindu, sehemu ya jibu imo katika ibada. Kwenye shraddha, tambiko la kuwakumbuka wafu, matonge ya wali au unga hutolewa kwa baba, babu na baba wa babu, kila mmoja akitajwa kwa jina. Asiyelijua jina la tatu hana la kulitaja. Kwa mjukuu wa abiria, hapo ndipo safu ya jina la baba inapopata kazi ambayo koloni haikuikusudia, kwani humtaja mzee aliyebaki kijijini, ambaye hata meli hakuipanda.

Tena kulipata jina hilo kuna uzito wake. Wahindu wengi wa zama zile waliamini kwamba kuvuka bahari kunamtia mtu unajisi na kumvua tabaka lake. Kilembwe anayekwenda Gaya, katika jimbo la Bihar, kuwafanyia wazee wake tambiko akiwa na jina na kijiji alivyovitoa kwenye orodha, anatangaza kwamba bahari haikuukata ukoo.

Hata hivyo orodha si msahafu. Makarani waliandika majina ya Kitamil au ya Kibihari kama walivyoyasikia, na baadhi ya wasafiri walibadili jina au tabaka kabla ya kupanda meli. Mstari mmoja hautoshi. Ni lazima upimwe kwa vyeti vya ndoa na vifo, na kwa masimulizi ya nyumbani.

Kisha wapo wale ambao hakuna anayewatafuta. Wanaume walikuwa wengi mno kuliko wanawake melini, hivyo wengi walifia Natal bila mke wala mtoto. Dini yenyewe haikuwasahau: katika tarpana, ibada ya kuwatilia wafu maji, wasio na jamaa nao hutengewa fungu lao. Wasafiri nao walikuwa na desturi yao. Waliovuka pamoja waliitana jahaji bhai, ndugu wa meli, na udugu huo uliheshimiwa kama wa damu hata baada ya mkataba kwisha.

Kwa hesabu yao wenyewe, basi, kilembwe anayeupata mstari wa mhenga wake amepata jamaa katika orodha nzima. Akiisha kulinakili jina alilolijia, ana sababu ya kuendelea kusoma hadi abiria wa mwisho, na ya kuwatilia maji pia wale wasioacha mtoto.