Geuka Uone

Leo tuanze na neno la Kiingereza ambalo hata wenye Kiingereza chao hawalitumii sana: advertence. Maana yake ni kuwa makini, kuweka akili kwa jambo. Limetoka kwa Kilatini: ad ni "kuelekea," na vertere ni "kugeuza." Yaani, unageuza akili yako ielekee kitu. Shina hilo hilo ndilo lililozaa advertisement, tangazo la biashara. Mwenye kuuza anajua siri hii: akikufanya ugeuke, nusu ya kazi imeisha.

Sasa fungua Kutoka 3. Musa anachunga kundi la mkwewe Yethro. Pale Horebu anaona kijiti kinawaka moto na hakiishi. Soma mstari wa 3 na wa 4 polepole. Kwanza, Musa anaamua kugeuka atazame. Pili, Mungu anaona kwamba amegeuka. Ndipo anamwita kwa jina. Umeshika huo mpangilio? Moto ulikuwa tayari unawaka, Mungu alikuwa tayari yuko pale, lakini sauti ilikuja Musa alipogeuka.

Na anapoongea, Mungu anasema nini? Mstari wa 7: ameona mateso ya watu wake, amesikia kilio chao. Mpendwa, Mungu anayetaka tumgeukie, yeye mwenyewe alikuwa amewageukia watu. Kwa hivyo huwezi kumgeukia Mungu huku umewapa watu wake kisogo.

Nikuulize basi, wewe hugeuzwa na nini? Simu ikilia kidogo tu, umegeuka. Lakini mtoto anaingia kutoka shule amenyamaza, unamuuliza kama yuko sawa na macho yako bado yako kwa simu. Anasema, "Niko sawa." Unaamini, unaendelea. Kumbe kijiti kinawaka pale sebuleni kwako!

Wiki hii nakuomba kitu kimoja. Kila jioni weka simu chini, mgeukie mtu mmoja wa nyumba yako, umsikize mpaka amalize. Usimkatize na ushauri. Kisha fungua Neno na umgeukie Mungu vivyo hivyo. Usiseme Mungu amenyamaza kama bado hujageuka.

Baba, tugeuze mioyo yetu. Tusipite mahali ambapo unatungoja. Katika jina la Yesu, amina.