Ulimi Mbele ya Sheria

Wahenga walisema: Maneno makali hayavunji mfupa. Methali hii yafaa kumtuliza aliyetukanwa, lakini haitoshi kuwa sheria ya nchi. Katika Rwanda, mwaka 1994, redio iliyoitwa RTLM ilitaja watu kwa majina na kuhimiza Watutsi wauawe; nao waliuawa.

Je, basi, serikali ipewe rungu la kunyamazisha kila neno chungu? Hasha! Mtawala asiyependa kulaumiwa ataiita lawama chuki, na mkweli atafungwa. Kwa hiyo mahakimu hawana budi kupima.

Kipimo kimoja kilitolewa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliohusika na kuanzisha redio ile, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Tarehe 28 Novemba 2007 majaji wa rufani walifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu. Walisema kwamba neno la chuki, hata likichukiza, si lazima liwe uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari. Yapasa kutazama lilisemwa wakati gani, na wasikilizaji walilielewaje. Hivyo matangazo ya RTLM ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994 yalihesabiwa kuwa uchochezi huo. Yale ya kabla yake hayakuthibitika kuwa hivyo.

Wako walioona kwamba hukumu hii imelegea. Sisi twaona kwamba sheria imefanya vema kujiwekea mpaka, maana jela ni kitu kizito. Lakini mtu asidhani kwamba lisiloadhibiwa ni jema. Redio ile ilianza kutangaza Julai 1993, nayo ilipendwa kwa muziki na mzaha wake. Katika miezi ile watu walizoea kucheka jirani zao wakidharauliwa. Hapo hakimu hakuwapo. Palikuwapo dhamiri tu.

Mahakama huja baada ya makaburi. Dhamiri yaweza kuja mapema: kwa baba anayekataa kucheka mezani, kwa kijana asiyepeleka mbele matusi ya kabila yaliyomfikia katika simu. Pale sheria inapotuachia uhuru, ndipo wajibu wetu unapoanza.