Ni Nani Aletaye Ushindi?

Mwalimu awatayarishapo vijana kwa shindano la kumaliza msimu, amwangalie nani zaidi, hodari au mnyonge?

Tutazame mbio za nyika za shule za sekondari za Marekani, ambazo aghalabu ni za kilometa 5. Kwa kawaida kila shule hutoa wakimbiaji 7. Nafasi za 5 wa kwanza hujumlishwa, na jumla iliyo ndogo ndiyo ishindayo. Hodari akiwa wa 1, na wenziwe wakawa wa 12, 15, 20 na 90, jumla ni 138. Shule nyingine ikiwa na wa 14, 16, 17, 18 na 19, jumla ni 84 tu. Basi hii ndiyo iliyoshinda, wala haina bingwa.

Je, mnyonge akazwe mpaka siku ya mwisho? Hasha! Juma la mwisho mwalimu mwenye busara hupunguza mazoezi, maana mwili hupata nguvu upumzikapo baada ya kazi. Msaada wa mnyonge ni wa miezi mingi, si wa siku moja ya hofu.

Nasi tujiulize: shuleni na nyumbani mwetu, wa tano ni nani, na ni nani amkumbukaye?